Geuza bangili: namna ya kuisoma feruzi ya zamani ya Marekani

Binamu yangu anaishi Albuquerque, jimbo la New Mexico. Majuzi alinunua bangili kwenye mnada wa vitu vya marehemu, fedha nzito yenye mawe matatu ya feruzi, akanitumia picha saba. Zote za mbele. Chini yake maswali mawili: "Kaka, mawe haya ni ya mgodi gani? Na aliyeifua ni nani?" Muuzaji alikuwa amemwambia mawe ni ya mgodi wa Lander Blue, kazi ni ya Mnavajo (moja ya makabila ya Wenyeji wa Marekani), na bangili ni ya miaka ya 1930. Nikamjibu neno moja: igeuze.

Swali lake ndilo ninaloulizwa kila mara tangu nianze kushughulika na vito, na tatizo huwa lilelile. Watu huanzia kwenye rangi ya jiwe, wakitoka hapo wanakimbilia kutafuta herufi za fundi, kisha wanalipa. Mimi huenda kinyume: kwanza namna kitu kilivyoundwa, halafu fedha, halafu jiwe, na chapa ya fundi mwisho kabisa. Tena yale madai matatu ya muuzaji, la mgodi, la kabila na la mwaka, hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Nitafika huko.

Jiwe linalokunywa

Neno feruzi tumelipokea kutoka kwa Waajemi, na machimbo ya Nishapur, kaskazini mashariki mwa Iran, yametoa mawe haya kwa karne nyingi. Pwani kwetu mpaka leo wako wanaume wanaoitwa Feruzi. Wazungu waliliita jiwe la Kituruki, ingawa Uturuki ilikuwa njia tu ya kufikia Ulaya. Kumbe hata jina lake lilikosea asili tangu zamani, na ndiyo hali yake hadi leo.

Kikemia, feruzi ni fosfeti ya shaba na alumini yenye maji ndani yake. Shaba ndiyo inayotia buluu. Chuma kikiingia mahali pa alumini, rangi inavutwa kwenda kijani. Jiwe hujijenga katika nchi kame, karibu na uso wa ardhi, pale maji yanapopenya kwenye miamba yenye shaba na kuacha mabaki ndani ya nyufa. Ndiyo maana feruzi nyingi maarufu za Arizona zilitoka kwenye migodi ya shaba. Kule Bisbee, kampuni ilitafuta shaba. Wachimbaji ndio waliookota mawe ya buluu na kuyatoa mgodini ndani ya mikebe yao ya chakula.

Ugumu wake ni kati ya 5 na 6 kwenye kipimo cha Mohs, yaani laini kuliko mchanga wa kawaida. Lakini jambo kubwa zaidi kwa mtu anayetaka kulitambua ni kwamba jiwe hili lina vinyweleo. Hunywa jasho, mafuta ya ngozi, sabuni na losheni. Jiwe lililotoka ardhini likiwa samawati linaweza kuwa la kijani baada ya miaka hamsini mkononi mwa mtu. Kwa hiyo mtu anayekutajia mgodi kwa kutazama rangi peke yake, tena kwenye picha ya simu, anabahatisha, hata akiwa na duka kubwa.

Hayo hayamaanishi kwamba migodi haina sura zake. Sleeping Beauty, karibu na mji wa Globe, Arizona, ilisifika kwa samawati safi isiyo na mishipa, na Wazuni, kabila jingine la Wenyeji, waliipenda kwa kazi zao za mawe madogomadogo kwa kuwa ukikata mia moja yote yanafanana. Bisbee ina buluu nzito yenye mishipa ya hudhurungi, kama moshi uliogandia ndani ya jiwe. Morenci, pia Arizona, mara nyingi ina vipande vya pairiti, yale madini ya njano yanayong'aa ambayo huwadanganya watu kuwa ni dhahabu. Number Eight ya Nevada ina utando wa buibui wa rangi ya asali au kahawia. Royston, pia Nevada, huchanganya kijani na buluu katika jiwe moja. Cerrillos, kusini mwa Santa Fe, ilichimbwa na Wapueblo, Wenyeji wa vijiji vya eneo hilo, karne nyingi kabla Mhispania hajafika, na inatoa rangi nyingi mno kiasi kwamba anayedai kuijua kwa kuiangalia namtilia shaka.

Na hapo ndipo mkanganyiko ulipo. Mgodi mmoja hutoa sura kumi, na sura moja hutoka migodi kumi. Feruzi ya Hubei, China, yenye utando mweusi imeingia sana sokoni katika miongo ya karibuni, na ikishakatwa na kung'arishwa, hata wazoefu huichanganya na ile ya Nevada. Jina la mgodi huongeza bei, kwa hiyo jina hupandishwa haraka kuliko ushahidi.

Kitu kinachosaidia zaidi ya rangi ni kalenda. Lander Blue, buluu yenye utando mweusi uliosukwa kwa karibu, ilipatikana Nevada mwaka 1973, kwenye kishimo kidogo kilichotoa takriban kilo hamsini tu kisha kikaisha. Bangili ya miaka ya 1930 haiwezi kuwa ilizaliwa na jiwe lililoonekana 1973. Ama mwaka ni wa uongo, ama mgodi, ama jiwe limebadilishwa. Vivyo hivyo, Sleeping Beauty ilisitisha uchimbaji wa feruzi mwaka 2012. Ukiambiwa "imechimbwa juzi", uliza juzi gani.

Yasiyo feruzi, na yaliyo nusu

Chaki nayo ni jiwe jeupe. Ukiitia rangi ya buluu itapendeza. Ndivyo hasa wanavyofanya kwa hawlaiti na magnesaiti, madini meupe ambayo hawlaiti yake ina mishipa ya kijivu inayofanana na utando wa feruzi. Yote mawili hupokea rangi kwa urahisi. Tazama kwa lenzi ya sonara: rangi hujikusanya kwenye nyufa na kuzunguka tundu la ushanga, na ndani ya tundu mara nyingi weupe unachungulia. Ukilowesha pamba kwa asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na kuigusisha mahali pasipoonekana, rangi nyingi za bandia hutoka. Watu wengine watakushauri uchome jiwe kwa sindano ya moto usikie harufu ya plastiki. Usifanye hivyo kwa kitu usichokijua. Utaharibu jiwe zuri ili ugundue kwamba lilikuwa zuri.

Kisha kuna kundi la katikati, na hapa ndipo watu wanagombana bila sababu. Feruzi nyingi zinazotoka ardhini ni laini, zinapukutika kama chokaa. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilizoeleka kuzishindilia resini ili zikazike. Hiyo ni feruzi ya kweli iliyosaidiwa, na hakuna ubaya muuzaji akisema. Ubaya ni akinyamaza. Kingine ni vumbi la feruzi, au hata plastiki tupu, lililogandishwa kwa gundi kuwa tofali ambalo baadaye hukatwa vipande; mishipa yake huwa ya juujuu, kama iliyochorwa. Na ukikuta jiwe lililotiwa resini ndani ya bangili inayosemekana ni ya 1925, unajua angalau jiwe si la siku ileile.

Lakini usidhani kila plastiki ni utapeli. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, Wapueblo wa kijiji cha Kewa, wakati huo kikiitwa Santo Domingo, walikosa malighafi. Walikata vipande vya makasha ya betri za magari na santuri zilizovunjika wakapata weusi, wakaokota plastiki nyekundu wakapata wekundu, wakabandika vijipande vya feruzi juu yake na kutengeneza vidani vyenye umbo la ndege wa radi, ndege wa simulizi za Wenyeji. Waliviuza kwa watalii kwa senti. Leo wakusanyaji wanavitafuta kwa bidii, na plastiki ile ya betri ndiyo inayothibitisha umri wake. Mimi ningekitwaa kidani kimoja cha namna hiyo na kuacha pete tatu za jiwe safi.

Mgongo wa bangili

Hatimaye zilikuja picha za nyuma. Kabla sijasema nilichokiona, inabidi nieleze ufundi wa fedha ulifikaje mikononi mwa Wenyeji.

Wanavajo, wenyewe hujiita Diné, walijifunza kufua chuma na fedha kutoka kwa mafundi wa Kimeksiko katikati ya karne ya 19. Anayetajwa kuwa wa kwanza ni Atsidi Sani, jina ambalo maana yake ni Mfuaji Mzee. Baada ya kurudi kutoka uhamishoni Bosque Redondo, ambako jeshi la Marekani liliwashikilia toka 1864 hadi 1868, ufundi ulienea. Mwanzoni ilikuwa fedha tupu. Feruzi ilianza kupachikwa kwenye fedha karibu na 1880. Kutoka kwa Wanavajo ufundi ulikwenda kwa Wazuni mnamo 1872. Wahopi, kabila jingine la Arizona, walikuwa na wafuaji wao pia, lakini mtindo wanaojulikana nao leo, wa mabamba mawili ya fedha, la juu likiwa limetobolewa michoro na la chini kupakwa weusi, ulishika baada ya Vita Kuu ya Pili, pale Wahopi wawili, Fred Kabotie na Paul Saufkie, walipowafundisha askari waliorudi nyumbani.

Kuna kitu kimoja katika mapambo yao ambacho msomaji wa pwani atakitambua mara moja: hilali. Ule mkufu mkubwa wa Kinavajo unaoitwa wa maua ya boga huning'inia mwezi mwandamo chini yake. Wahispania waliuvika kwenye hatamu za farasi, nao waliuchukua kwa Waislamu waliotawala Andalusia. Hata yale "maua ya boga" huenda asili yake ni makomamanga ya Kihispania. Mapambo husafiri kuliko watu.

Tofauti ya mikono husemwa hivi: kwa Mnavajo jiwe huitumikia fedha, kwa Mzuni fedha hulitumikia jiwe. Ni kauli nzuri ya kuanzia. Ukiona bangili yenye bamba zito, chapa zilizogongwa kwa nyundo, na jiwe moja au matatu makubwa, fikiria Navajo. Ukiona safu za mawe membamba kama sindano au kama matone, kila moja ndani ya ukingo wake, au picha ya ndege iliyopangwa kwa feruzi, chaza, matumbawe mekundu na jiwe jeusi liitwalo jeti, fikiria Zuni. Shanga laini zilizosagwa kwa mkono kutokana na kome na feruzi, fikiria Kewa. Halafu ujiandae kukosea, kwa sababu wafanyabiashara waliwakutanisha: mawe yalichongwa na Mzuni, fedha ikafuliwa na Mnavajo, kitu kikauzwa kwa jina la mmoja wao au bila jina la yeyote.

Sasa mgongo wenyewe. Fedha ya zamani ilitokana na sarafu zilizoyeyushwa, za Marekani na baadaye peso za Meksiko. Sarafu ya Marekani ilikuwa na fedha sehemu 900 kwa 1,000. Fedha inayogongwa neno "sterling" ina 925. Mfuaji aliyeyeyusha sarafu aliimimina kwenye kalibu kisha akaigonga, akaipasha moto, akaigonga tena. Bamba la namna hiyo halina unene sawa. Ukipitisha kidole unahisi mawimbi. Kuanzia miaka ya 1930 mabamba ya kiwandani yalizoeleka, unene wake sawa kama karatasi. Kwa hiyo neno "sterling" lililogongwa vizuri kwenye kitu kinachodaiwa ni cha 1900 linapaswa kukusimamisha.

Tazama pia ukingo, ule ukanda mwembamba wa fedha unaolikumbatia jiwe. Uliokatwa meno kwa mkono una meno yasiyolingana. Wa dukani meno yake yamepangana kama ya kitana. Jiwe lisipojaza kina cha ukingo, mafundi wa zamani walitandika vumbi la mbao chini yake. Vumbi hilo likilowa huvimba na kulisukuma jiwe nje, ndiyo maana pete za zamani hazioshwi kwenye sinki. Chini ya mawe ya baadaye utakuta kadibodi, plastiki au gundi ngumu.

Na uangalie uchakavu. Bangili iliyovaliwa miaka sitini imelainika kwenye kingo za ndani, pale panaposugua mfupa wa mkono, lakini ina weusi mzito kwenye mashimo ya chapa. Iliyozeeshwa kwa dawa ina weusi sawasawa kila mahali, hata pale ambapo mkono ungeufuta. Uongo wa namna hii ni rahisi kuugundua, na bado ndio unaouzwa kila siku.

Hapa pia ndipo linapoingia neno "rehani ya zamani", ambalo wauzaji hulitumia kama manukato. Katika nchi ya Wanavajo, maduka ya wafanyabiashara kama lile la Hubbell huko Ganado, Arizona, ambalo Juan Lorenzo Hubbell alilichukua mwaka 1878, yaliwapa watu unga, kahawa na vitambaa kwa kuweka vito vyao bondi. Wengi walivikomboa baada ya kunyoa kondoo, wakaviweka tena mwaka uliofuata. Vilivyopitisha muda vikauzwa. Vito hivyo vilikuwa vya kuvaa wenyewe, vizito, na ndiyo maana jina lina thamani. Lakini bila karatasi au kibandiko cha duka, "rehani ya zamani" ni maneno tu.

Upande wa pili kulikuwa na soko la watalii. Mwaka 1899 kampuni ya Fred Harvey, iliyoendesha hoteli na migahawa kando ya reli ya Santa Fe, ilianza kuagiza vito vyepesi vya kuwauzia abiria: mishale, ndege wa radi, fedha nyembamba, mawe madogo. Vingine vilifuliwa na Wenyeji, vingine vilitoka viwandani, kama vile vya Bell Trading Company ya Albuquerque, vyenye chapa ya kengele. Kwenye vitu vya zamani vya soko hili utakuta pia alama ya msalaba uliopinda ncha. Usishtuke ukadhani ni mambo ya Hitler. Kwa Wanavajo ni magogo yanayozunguka katika simulizi yao ya kale. Mwaka 1940 viongozi wa makabila manne ya Arizona walitia saini tamko la kuiacha. Alama hiyo, basi, inakupa tarehe bila mtu kukuandikia.

Herufi mbili

Binamu yangu alifurahi alipoona herufi nyuma ya bangili: F na B. Akaniandikia haraka kwamba amepata jina mtandaoni.

Wafuaji wengi kabla ya miaka ya 1930 hawakutia jina. Bangili ilikuwa ya mvaaji, si ya fundi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 bodi ya serikali ya sanaa za Wenyeji, iliyoundwa mwaka 1935, ilianza kugonga chapa za "U.S. NAVAJO" au "U.S. ZUNI" zenye namba, kwa kazi zilizokaguliwa tu. Namba ile ni ya duka au shule, haikutaji fundi. Herufi za mafundi zilienea polepole baada ya hapo, na kufikia miaka ya 1970, feruzi ilipokuwa fasheni kubwa Marekani, kila mtu alikuwa akitia alama, wengine kwa kalamu ya umeme.

Herufi mbili hazitoshi. B inaweza kuwa Begay, na Begay si ukoo mmoja. Ni neno la Kinavajo lenye maana ya "mwanawe", lililoandikwa na makarani wa Kizungu kama jina la ukoo, mithili ya karani kuorodhesha kijiji kizima kwa jina la "Bin". Kenneth Begay, fundi mashuhuri aliyefanya kazi kwenye duka la White Hogan, alikuwa mmoja kati ya Begay wengi mno. Yazzie nayo ni "mdogo". Kwa hiyo orodha za herufi zinaweza kukupa majina matano yanayolingana, na kazi ya kuchagua inarudi palepale: je, mkono huu unafanana na kazi zake zinazojulikana?

Chapa za watu wakubwa ndizo zinazoigizwa. Jina la Charles Loloma, Mhopi aliyefariki 1991, au lile la Mnavajo Fred Peshlakai, huongeza sifuri kwenye bei. Lenzi ikusaidie: chapa ya kweli imechakaa sawa na sehemu iliyoizunguka. Ikiwa mgongo mzima umelainika na herufi zake zina kingo kali, ziligongwa baadaye. Serikali kuu ina sheria ya 1990 inayokataza kuuza kazi kwa jina la Wenyeji kama si yao, yenye adhabu ya hadi dola 250,000 au miaka 5 gerezani kwa mtu binafsi, na mwaka 2015 maafisa wa serikali hiyo walivamia maduka yaliyokuwa yakiuza kama vya Marekani vito vilivyotengenezwa Ufilipino. Sheria ipo, lakini sokoni wewe ndiye mkaguzi.

Ile bangili ya binamu sasa. Bamba lake lina unene sawa, kwa hiyo ni fedha ya kiwandani. Chapa zimegongwa kwa mkono, hazikupangana, na mistari ya tupa inaonekana karibu na mahali pa kulehemu. Kingo za mawe mawili ya pembeni zimekatwa meno kwa mkono na zimechakaa pamoja na bamba. Ukingo wa jiwe la kati unang'aa, na meno yake ni ya dukani. Herufi F na B zimelainika kama mgongo wote, hivyo nadhani ni za haki, ila mwenye nazo sijampata na sitabuni. Kazi ya Navajo, labda miaka ya 1950. Mawe ya pembeni yamegeuka kijani kando kando, kama yanavyofanya mawe yaliyovaliwa. Mgodi wake siutaji. Lile la kati ndilo lenye utando mweusi, ndilo lililobatizwa Lander Blue.

Nilimwomba alisugue kwa pamba na asetoni, kidogo tu, pale ukingo unapoanzia. Akanitumia picha ya pamba: buluu. Ya pembeni, pamba ikarudi nyeupe. Amekasirika kwa siku mbili, halafu akaulizia fundi wa kulitoa na kutia jingine. Nimemsihi fundi akilitoa asifagie chini yake kabla hajapiga picha. Nataka kujua kama kuna vumbi la mbao.